Pumzi Nyuma ya Mlango

Bibi yangu mzaa mama hakumwamini mtu yeyote, na kwa hilo alilipwa mshahara. Alikuwa mpekuzi wa kiwanda cha nguo. Zamu ikiisha, wafanyakazi wanawake walipanga foleni mbele ya kijumba cha mbao karibu na geti, wakaingia mmoja mmoja, naye akawapapasa mabega, kiuno na mikunjo ya gauni. Alifungua mikoba, akachungulia hata ndani ya chupa za chai. Walimwita Mama Pekua, naye akijua, wala hakukasirika. Alisema jina baya ni la mwizi tu.

Msemo wake ulikuwa mmoja: kikulacho ki nguoni mwako. Na ushahidi alikuwa nao. Kuna mwanamke aliyejizungushia kitambaa tumboni, karibu jora zima, akapita getini akitembea kwa tabu kama mjamzito wa miezi yote. Bibi alimpongeza, akamwekea kiti, kisha akamwomba ajifungue hapohapo mezani. Hadithi hiyo aliisimulia mara nyingi na hakuwahi kucheka. Sisi ndio tulicheka.

Vumbi la pamba lilimharibu kifua, daktari akamwambia apumzike, akaja kuishi nasi. Alikuja na sanduku lenye kufuli. Kabla hata hajanywa maji, alikwishazunguka nyumba nzima akijaribu vitasa vya milango. Mama yangu alimwambia pale si kiwandani. Bibi akajibu kwamba kiwandani angalau wezi walikuwa wanapanga foleni. Kuhusu babu, mume wake, mimi niliambiwa tu kwamba alisafiri zamani na kwamba nisimuulize Bibi. Sikuuliza.

Basi mtu kama huyo ukamweke nyumba moja na baba yangu.

Baba alikuwa fundi umeme wa majengo makubwa. Kazi ilikuwa mbali, alirudi mwisho wa mwezi na mfuko wa nguo chafu, akalala, akaondoka na mfuko wa nguo safi. Alikuwa mgeni nyumbani kwake. Kisha siku moja alipelekwa kufunga nyaya kwenye studio ya filamu, na watu wa pale wakagundua kwamba ana masikio. Wakamfundisha kazi ya kutengeneza sauti zinazowekwa kwenye filamu baada ya picha kupigwa: hatua za miguu, mvua, mlango unaolia, mfupa unaovunjika. Akaacha majengo. Stoo yetu akaipigilia magodoro ya zamani ukutani, akaweka kinasa sauti na maiki, ikawa ofisi. Nikawa na baba anayekula nasi kila siku, na nilimpenda hata nikawa namfuata mpaka mlango wa choo.

Bibi alimtupia jicho la pembe tangu siku ya kwanza. Mwanamume mzima anajifungia stoo na karoti! Karoti zenyewe zilirudi jikoni zimevunjwavunjwa, maana huo ndio mfupa. Bawaba ya kabati ilitoweka, ikaonekana stoo, imemwagiwa maji ya chumvi ili iote kutu ilie vizuri. Kandambili za Bibi nazo zikaishia hukohuko. Bibi akamweleza mama, kwa sauti ya kunong'ona iliyosikika nyumba nzima, kwamba mwanamume anayechukua kandambili za mkwewe na kujifungia nazo ana jambo lake.

Wakati huo baba alikuwa anatengeneza sauti za filamu ya kutisha, lakini ya kutazamwa na familia nzima, wazazi na watoto. Alitusimulia mezani. Kuna mtoto anaogopa giza la chumbani kwake, na kuna kitu kinakuja kusimama nyuma ya mlango kila taa ikizimwa. Mwisho inajulikana kwamba kitu chenyewe kinaogopa giza kuliko mtoto, na kilikuwa kinatafuta mwenzake. Mama aliipenda. Bibi aliuliza kama wazazi wa huyo mwongozaji wa filamu wanajua kazi anayofanya.

Shida ni kwamba mimi pia nilikuwa na kitu nyuma ya mlango.

Nilikuwa darasa la pili, nikilala chumba changu peke yangu. Taa ikizimwa na nyumba ikatulia, kilikuja. Hakikuwa na hatua. Kilikuwa na pumzi tu, yenye mluzi mwembamba, ikiingia na kutoka, kama upepo unaopita tundu la ufunguo. Kilisimama, kikakata pumzi kidogo kana kwamba kinanisikiliza, kisha kikaenda zake. Nilijifunika shuka mpaka utosini, jasho likinitoka, nikihesabu vidole vyangu kuhakikisha vyote bado vimo ndani. Nilipomweleza mama, Bibi alidakia kabla mama hajafungua mdomo.

"Nyumba inafuga sauti za mazimwi, mtoto atalalaje? Muulize mumeo hizo sauti anamjaribishia nani."

Maneno hayo yaliingia ndani ya nyumba na hayakutoka. Mama alimuuliza baba waziwazi. Baba alikana, akaapa, akasema hawezi kumtisha mwanawe kwa ajili ya kazi. Mama alimwamini nusu. Mimi sikujua nimwamini kiasi gani. Mezani nilimtazama mikono, nikimwona anapasua mkate, nikajiuliza kama mikono hiyo ndiyo inayoshika kitasa changu gizani. Nilimpenda baba yangu na nilimshuku, vyote kwa pamoja, na kwa mtoto wa darasa la pili huo ni mzigo mzito.

Mwishowe mama alitoa hukumu, na mimi nikiwepo. Filamu ingeonyeshwa karibuni, na sote tungeenda. Ikiwa baada ya hapo mimi bado naogopa kulala, basi stoo itarudi kuwa stoo na baba atarudi kwenye majengo yake ya mbali. Baba aliinamisha kichwa, akasema sawa. Bibi alikuwa na sura ya mtu aliyemwona mwizi akiingia foleni mwenyewe.

Kuanzia hapo sikulalamika tena. Kitu kilikuja, kikapumua, kikaondoka, na mimi niling'ata shuka. Asubuhi nilisema nimelala fofofo. Lakini Bibi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aliingia chumbani kwangu nikivaa sare, akaupapasa mto wangu taratibu, pindo kwa pindo, kama anavyopapasa kiuno cha mtu.

"Umelia," alisema.

"Ni jasho, Bibi."

"Jasho la jicho gani?"

Alinikazia macho, akaurudisha mto mahali pake. Nilikaa roho juu siku nzima nikingoja aende kumwambia mama. Sijui kwa nini hakwenda. Lakini nilijua jambo moja: zimwi likiniweza, baba anaondoka.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wenye viti vya kukunja. Watoto walijaa, wengine wamepakatwa. Tulikaa mstari mmoja: baba mwisho kabisa, akitafuna kucha, kisha mama, kisha mimi, kisha Bibi aliyeukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili kwa sababu taa zilikuwa zinazimwa na yeye anajua watu. Mwanzo watoto walicheka. Mtoto wa kwenye filamu alikuwa anavaa soksi za baba yake na kuanguka. Kisha akaingia kitandani, taa ikazimwa, na ukumbi wote ukaingia gizani pamoja naye.

Ikaja pumzi.

Mluzi mwembamba, ukiingia na kutoka. Ulitoka kwenye spika za pande zote, na nywele zikanisimama. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Si inayofanana nayo. Ndiyo yenyewe, mpaka pale inapokatika kidogo kusikiliza. Watoto walipiga kelele, mmoja akaomba arudishwe nyumbani. Mimi nilifumba macho, na moyoni nikasema basi, ni baba. Muda wote alikuwa baba. Nililia kimyakimya, kwa uchungu kuliko woga, na mama akahisi mabega yangu yanatikisika, akanigeukia.

Na hapo, macho yakiwa yamefumbwa, nikasikia mluzi wa pili. Haukutoka kwenye spika. Ulitoka kiti cha pembeni yangu.

Nilifumbua macho. Bibi alikuwa ameganda, macho yamemtoka pima, mkoba kifuani, anaogopa zimwi kama watoto wengine wote. Na kwa sababu anaogopa, anapumua. Mluzi ukaingia, ukatoka. Kwenye spika ukaingia, ukatoka. Nikamtazama mama. Mama alikuwa ameshasikia. Mdomo ulikuwa wazi.

Mchana nyumbani kulikuwa na redio, sufuria na maneno ya Bibi mwenyewe, mluzi wake nani angeusikia? Na yeye, aliyekuwa nao miaka yote, alikwisha kuacha kuusikia kama mtu anavyoacha kuisikia saa ya ukutani. Niliuweka mkono wangu juu ya mkono wake, na filamu iliyobaki niliitazama mpaka mwisho bila kufumba jicho.

Tulipotoka nje, Bibi alisema filamu si mbaya, ila huyo waliyemtumia kupumua angepelekwa hospitali. Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa anamtazama baba kwa namna ambayo sikupenda kabisa. Nikaona nikichelewa watagombana, nikasema.

"Bibi, ni wewe."

Alidhani ni utani. Kisha akaniangalia mimi, akamwangalia mama, akamgeukia baba, na nikaiona ile sura ya getini.

"Umeniibia," alisema polepole.

Baba hakubisha. Alisema, macho chini kama mtu anavyozungumza na mkwewe, kwamba jioni moja alikuwa stoo akirekodi ukimya wa chumba, maana hata ukimya huwekwa kwenye filamu. Alipousikiliza akakuta kuna mtu anapumua nyuma ya mlango. Alijua ni nani. Wiki nzima alikuwa amejaribu kulitengenezea zimwi lile pumzi, akanguruma, akakoroma, na mwongozaji akazikataa zote kwa kuwa zilikuwa za kitu kinachotaka kula mtu. Ile ya nyuma ya mlango iliposikika, mwongozaji alisimama akasema ndiyo hii. Baba aliona haya kumwambia mama mkwe kwamba amemnasa akimchungulia, akanyamaza, na kunyamaza ndiko kulikokuwa kosa lake. Kwamba pumzi hiyo ilikuwa inafika mpaka mlangoni kwangu, hakujua. Mama alimwambia hilo la kunyamaza watalizungumza wawili, na nilijua litazungumzwa haswa.

Bibi alitaka kuisikia yenyewe, bila picha. Tulipofika nyumbani aliingia stoo kwa mara ya kwanza, akaketi, baba akamvisha hedifoni juu ya kilemba. Alisikiliza amefumba macho, vidole vyake vikipapasa ukingo wa meza, huku na huku. Alisikiliza muda mrefu. Sisi tulisimama mlangoni kama watu wanaongoja zamu yao ya kupekuliwa.

"Huyu anayepumua hajaiba kitu," alisema mwishowe. "Huyu anaogopa."

Mama akamuuliza anaogopa nini. Ndipo tukaambiwa habari za babu, na hata mama hakuwahi kuzisikia zote. Jioni moja Bibi alirudi kutoka zamu, amechoka na mifuko ya watu. Alikutana na mumewe mlangoni, naye kabeba mfuko. Babu alisema anapeleka nguo kwa fundi. Bibi alisogea akampisha, naye hakurudi tena.

"Mifuko yote nimeifungua," alisema. "Ule tu sikuufungua."

Tangu siku hiyo hawezi kulala bila kuzunguka, pekupeku asimwamshe mtu, kusikiliza kila mlango kama mwenye chumba bado anapumua ndani. Na alipofika kwetu akakuta mwanamume ambaye miaka yote alizoea kuondoka na mfuko. Alikuwa anangoja kuuona ukifungwa. Mama alikaa chini sakafuni, akaweka kichwa kwenye magoti ya mama yake, akalia. Baba alitoka, akarudi na kandambili za Bibi, akaziweka miguuni pake.

Usiku huo taa ilizimwa, nyumba ikatulia, na mluzi ukaja mlangoni.

"Bibi, unatafuta nini?"

"Naangalia kama upo."

"Nipo."

"Haya, lala."

Akaondoka, na safari hii nilizisikia kandambili, pa, pa, pa, mpaka mlango wa wazazi wangu, zikasimama, zikaendelea. Hakuacha kukagua mpaka alipofariki, ila hakwenda tena pekupeku. Alitaka nijue ni nani anayekuja. Hukumu ya mama ilifutwa, stoo ikabaki na baba, na mfuko wake wa safari ukaja kuwekwa viazi.

Sasa nina watoto wangu, na mara mojamoja huniomba tuitazame filamu ya babu yao. Taa ya chumba cha yule mtoto ikizimwa, wao hufunika nyuso na kuniomba nipunguze sauti. Mimi huongeza.