Hawakuamini Kama Nitarudi

Dada yangu alikuwa mahututi hospitalini ng'ambo ya ziwa, nikavuka kutoka Kalemie na pasipoti mupya. Bandarini huko ofisa akaniuliza, "Mama, tiketi ya kurudi iko wapi?"

"Boti zetu haziuzi ya kurudi, papa. Unalipa siku unapopanda."

"Basi utarudi kwa kuogelea?"

Mwenye boti alisikia. Angesema tu kwamba atanirudisha, lakini aliendelea kupakia sabuni zake. Vita vilipotufukuza kwetu Nyunzu nilivuka hapo bila karatasi, hakuna aliyeniuliza nitarudi lini. Safari hii walinirudisha kwa boti ileile.

Dada akafa kesho yake, akiniita. Ofisa simujui jina. Mwenye boti tunakaa naye mutaa mumoja, akinisalimia, simuitikii.