Quaff Si Kukohoa

Jamani, nilikosa, na sina wa kumsingizia! Jina langu mniachie, maana pale mtaa wa Mukendo ninapotoa fotokopi wateja waliniita Profesa, na nilivyolipenda jina hilo, Mungu anisamehe.

Wakwe watarajiwa wa mdogo wangu wa kike walitoka Butiama kuja kwetu Bunda kujitambulisha. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa kijana, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe hakikauki mdomoni. Bibi yetu hakijui hata cha kuombea maji. Nikajiweka karibu naye niwe mkalimani. Kiherehere changu!

Chungu cha pombe ya mtama kilikuwa katikati, mirija mirefu imeshachomekwa. Kwetu, kunywa chungu kimoja na mtu ndiko kumkubali.

Mzee akasimama, uso umejaa furaha. "Sisi tumekuja ku-quaff na nyinyi!"

Mimi nikasikia "cough". Nikamnong'oneza Bibi kwa kilugha chetu: "Anasema wamekuja kukohoa na sisi."

Bibi akakodoa macho. Kukohoa? Kwenye chungu chake? Akachomoa mirija yote, akaikumbatia, akaagiza wageni waletewe soda.

Lo! Wageni wakaona wamekataliwa mchana kweupe. Hapo nilishaanza kushuku: mtu atoke Butiama aje kukohoa tu? Lakini Profesa ajikosoe mbele za watu? Nikaweka tai yangu sawa, wakaondoka.

Kijana akaacha kupokea simu. Mdogo wangu alilia mpaka macho yakavimba. "Kaka, hilo neno ulikuwaga unalijua kweli?" aliniuliza. Nikakimbilia kamusi. Kumbe quaff ni kunywa kwa mafunda makubwa, kwa raha zote! Niliona haya, nikatamani ardhi ipasuke.

Nikaenda Butiama kuomba radhi. Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaangua kicheko.

"Mwanangu, asili ya hilo neno hata wenyewe hawana uhakika nayo. Wengine wanasemaga ni mlio tu wa koo likimeza. Si kama sisi na kugugumia? Sikiliza koo lako: gu-gu-gu!" Akacheka mpaka akakohoa kweli.

Ndoa imefungwa, namshukuru Mungu. Siku hiyo chungu kiliwekwa tena, na Bibi na yule mzee wakagugumia kichwa kwa kichwa. Nikanyoosha mkono nipewe mrija wangu.

"Wewe kohoa tu," akasema Bibi.

Wenzangu, neno usilolijua uliza hapo hapo, hata kama umevaa tai! Nilikwepa aibu ya dakika moja, sasa naitwa Kikohozi mpaka Mukendo. Tangu juzi mafua yamenibana, nakohoa usiku kucha, na hakuna hata mmoja aliyenipa pole. Wanacheka tu.