Sailensi ya Fundi Masikio

Fundi Masikio hakupewa jina hilo kwa ukubwa wa masikio, ingawa nayo hayakuwa madogo. Alipewa kwa sababu hakuwa akifungua gari kabla ya kulisikiliza. Wenzake wakikimbilia spana, yeye alichukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine akiipitisha kwenye injini mpaka aunase ugonjwa. Sifa zilimlevya kidogo, tusimfiche.

Tangu mkewe afariki aliishi peke yake, chumba cha nyuma ya gereji. Binti yake wa pekee, aliyeolewa mbali, alikuwa akimpigia simu kila Jumapili. Mwaka huu binti akaanza kununa. Baba anauliza hali, kimya. Anauliza tena, kimya. Jumapili tatu zilizopita baba alikata simu kwa hasira, na tangu hapo hakuipokea tena. Roho ilimuuma, ila kiburi kilikuwa kimemkaa kooni.

Jumanne muuguzi mmoja akarudisha kigari chake kikuukuu, mara ya tatu.

"Fundi, sailensi bado, injini haitulii. Nikisimama tu inatetemeka, halafu inazima. Na siku hizi inabugia mafuta."

Kubugia huko kulikuwa kazi ya fundi mwenyewe. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, na gari lilipokataa kutulia akaliongezea petroli kwa kuzungusha skrubu ya kabureta. Sasa akaliwasha, akauzungusha mpira wake injini nzima, akajinyoosha.

"Hewa haivuji popote, dada. Kabureta imechoka."

Muuguzi alimtazama. "Mzee wangu, si inafyonza hapo nyuma? Naisikia mpaka huku."

Fundi akapeleka kidole alikoonyeshwa. Kibomba cha mpira kilikuwa na ufa, kikamvuta ngozi. Alipouziba, bodi iliacha kutetemeka chini ya kiganja chake. Mlio, kwake, haukubadilika hata kidogo.

"Tangu lini husikii vizuri?" muuguzi akauliza, na ikambidi arudie huku amemwelekea usoni.

Fundi akageukia injini. Alibadilisha kibomba, akarudisha skrubu mahali pake, gari likaondoka limetulia. Kisha fundi akaketi juu ya tairi. Binti hakuwa amenuna. Alikuwa akiongea, Jumapili baada ya Jumapili, na baba yake akamkatia simu.

Akapiga palepale, mikono ina grisi. Sikioni, kimya kilekile. Akaishusha simu, akatazama kioo chake. Sekunde za maongezi zilikuwa zinasonga. Kule kuna mtu amepokea.

"Mwanangu," akasema, "mimi ndiye nisiyesikia. Wewe hukuninunia. Nisamehe."

Sekunde zikaenda. Hakujua kama binti analia, au anamwita, au amemwachia mtoto wake simu achezee. Akaendelea kuongea hivyohivyo, macho kwenye zile namba, akiogopa zisije zikasimama.