Dawa ya kupe ilimwacha mdogo wangu hai, ikaichukua Qurani kifuani mwake

Wakuu, amani iwe kwenu. Vijana mtakaoniamkia humu, marahaba. Ninayoeleza niliyaona kwa macho yangu, na Mwenyezi Mungu ni shahidi.

Mdogo wangu Swalehe alihifadhi Qurani yote. Kijijini kwetu Kondoa, Ramadhani ilikuwa ni yeye: anasimama mbele, hashiki msahafu, wala hakosei.

Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa, kila kitu ruksa. Josho la serikali la kuogeshea ng'ombe likakauka. Dawa ya kupe tukawa tunanunua mnadani, imepimwa kwenye chupa ya soda. Haina karatasi, haina maelezo.

"Sheikh, usiiue kwa maji," muuzaji alimwambia Swalehe. "Ukitaka kupe wafe, iache nzito."

"Mikono haitaungua?"

"Mikono ya mfugaji iungue? Labda ya karani!"

Watu wakacheka, naye akacheka.

Kesho yake akawapaka ng'ombe dawa ile kwa kitambaa tangu asubuhi, shati likalowa. Adhuhuri ikamkuta zizini. Akatawadha, akavaa kanzu safi juu ya shati lile lile, akaja kutusalisha.

Msimlaumu. Ile dawa kwetu haikuwa najisi, kwa hiyo sala ilikuwa sawa. Twahara tuliijua vizuri. Sumu hatukuambiwa na mtu.

Rakaa ya pili akasujudu, hakuinuka. Nasi nyuma yake tukabaki chini, tukidhani ana dua ndefu. Mpaka tuliposikia anakoroma.

Mate yanamtoka, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano, mwili wote unamruka.

Hospitali walimdunga sindano, pumzi ikarudi. Nawashukuru mpaka leo. Lakini degedege lilichukua muda mrefu, na lilipotulia tukaambiwa, "Mshukuruni Mungu, amepona. Mchukueni."

Amepona! Neno hilo linanichoma.

Nyumbani alianza kusoma sura ya Yasini, katikati akakwama. Akarudi mwanzo, akakwama pale pale. Akalia.

Kisha zikaja hasira, na kusahau hata jina la mkewe. Tukamrudisha hospitali, tukajibiwa sumu imeshatoka mwilini. Kijijini wakasema ni majini. Jirani akamwita punguani mbele ya wanawe.

"Kaka," aliniambia, "afadhali ningesahau kwamba niliwahi kujua."

Juzi binti yangu, muuguzi hapo Dodoma mjini, ndiye aliyenifumbua macho. Ile sindano huokoa pumzi. Degedege likirefuka, ubongo unaumia, na unaweza kuendelea kuumia hata mgonjwa akishatulia. Sasa watafiti wanatafuta dawa za kuukinga mapema. Nikasema alhamdulillahi.

Nikamuuliza nini kimewasukuma.

"Baba, kwa sehemu kubwa ni hofu ya gesi za vita. Hizi sumu za wadudu ni ukoo mmoja na gesi hizo."

Hapo, wakuu, subira ilinishinda. Askari anaandaliwa kwa vita ambayo huenda isije. Mfugaji wa Kondoa na mkulima wa Haneti vita yao inakuja kila msimu, nani aliwakumbuka? Na nani alimruhusu yule bwana kuuza ndugu wa silaha kwenye chupa ya kinywaji?

Sipingi utafiti, Mungu awabariki wanaohangaika. Ila dawa hiyo ikipatikana isiishie kambini na kwenye hospitali za wakubwa. Ifike hadi zahanati zetu.

Nilichojifunza: nguo iliyolowa dawa ivuliwe papo hapo, mwili uoshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha hospitali haraka. Degedege likianza, pigeni kelele mpaka mhudumiwe. Na mgonjwa akirudi amebadilika, hayo si majini wala ujeuri. Ni jeraha, ila haliwezi kufungwa bandeji.

Swalehe yu hai. Anasali safu ya mwisho, siku nyingine anaitikia "Amina" pasipo mahali pake, na wapo wanaocheka.

Mwenye ndugu wa namna hii aseme humu: kuna daktari aliyewahi kuwaambia ukweli kabla hamjaanza kumwita ndugu yenu mwendawazimu?