Matairi ya Theluji

Shemeji yangu alirudi kutoka Japani na vitu viwili: gari jeusi la mbio na hadithi za theluji. Gari lilikuwa na breki. Hadithi hazikuwa nazo.

Gari lenyewe lilikuwa limelala chini kiasi kwamba mama, alipokaribishwa kupanda, aliuliza kama anatakiwa akae au alale. Ndani kulikuwa na kitufe cha kupasha viti moto. Ulikuwa mwezi wa pili, jua la Bagamoyo liko utosini, shemeji akakibonyeza ili mkwewe aone maendeleo. Mama alivumilia kidogo, kisha akasema kwa adabu zake zote, "Mwanangu, kiti chako kina homa." Shemeji alicheka sana. Mama alikuwa anatafuta mahali pa kufungulia mlango.

Halafu video. Kule kaskazini mwa Japani alikokuwa anafanya kazi, barabara huwa nyeupe miezi mitatu minne, na siku moja mtu alimrekodi akiendesha gari hilihili. Mikono imevaa glavu, vifuta kioo vinahangaika, kuta za theluji huku na huku. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko picha za harusi yake na mdogo wangu. Mgeni akibisha hodi, kabla hajamaliza kuulizwa habari za nyumbani, simu iko mbele ya pua. "Nyuzi kumi na tano chini ya sifuri," shemeji anasema, "na gari limetulia tuli." Watu wanasema "Masha'Allah." Mimi, ambaye kazi yangu ni magari, niliona jambo ambalo wao hawakuliona: gari la mbio lilikuwa linatambaa mwendo wa mkokoteni, na malori yanalipita. Niliona, nikanyamaza, nikacheka moyoni.

Ningemwachia ujinga wake autafune peke yake, lakini kiti cha kushoto alikaa mdogo wangu. Ni mwalimu wa shule kule Kiwangwa, na ndiye niliyemlea baba alipofariki, nikimsuka nywele kwa mikono inayonuka gundi ya pancha. Shemeji aliamua kumpeleka shuleni na kumrudisha kila siku. Alisema ni mapenzi. Mimi nasema alitaka wakulima wa mananasi wamwone. Mdogo wangu alimtazama mumewe kana kwamba theluji yote ile aliishusha yeye.

Banda la kuziba pancha la marehemu baba liko hapa Dunda, na sasa ni langu. Siku ya kwanza shemeji alipolileta gari, mdogo wangu akiwa naye, watu wakakusanyika kushangaa rangi na mabomba ya moshi. Mimi nilichuchumaa nikatazama matairi. Mpira ulikuwa laini, nao umechanjwa mikato myembamba kama samaki changu anayesubiri chumvi na ndimu, na pembeni pamechorwa kilima chenye alama ya theluji. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani huja na matairi ya namna hii. Yametengenezwa yabaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami yetu ya moto yanalegea, yanalika upesi, na mvua ikinyesha hayashiki. Sisi huyavua kabla gari halijamaliza wiki.

"Shemeji," nikaanza, "matairi haya yana..."

"Dada, haya yamepita juu ya barafu," akanikata. "Barafu! Lami ya Bagamoyo itayafanya nini? Wewe shughulika na pancha za bodaboda."

Watu wakacheka. Hilo lisingeniuma, wateja wangu wengi ni wanaume, na nimezoea kuelezwa tairi ni nini na watu wasiojua kufungua nati. Lakini mdogo wangu naye alicheka, mdomo ameuziba kwa mkono, macho yakimpongeza mumewe. Kicheko hicho kiliingia hadi mfupani. Nikainuka, nikajipangusa magoti. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nikasema moyoni, na mimi nitakaa kwenye kigoda changu nitazame anavyofunzwa.

Nikatazama kweli. Nilimtazama akipanda matuta kiupandeupande asikwaruze tumbo la gari, bodaboda zikimpigia honi kwa dhihaka. Nilimtazama akiyasugua matairi yale kwa brashi na sabuni, Jumapili kwa Jumapili, kama mtu anayeogesha mtoto. Kila wiki yalikuwa yamepungua, naye hakuona. Sikio la kufa halisikii dawa, niliwaambia wateja wangu, na tulicheka vizuri sana.

Asubuhi ya siku mvua za masika zilipoanza, walisimama bandani kwangu. Mdogo wangu alishuka kuniachia dawa za mama, akanisalimia, "Shikamoo dada," nami nikaitikia huku macho yangu yako chini, kwenye matairi. Katikati ya tairi mikato ilikuwa imefutika. Upande wa Kiwangwa mawingu yalikuwa meusi. Shemeji alibaki garini, muziki juu, hata asingesikia. Ningeweza kumwambia mdogo wangu peke yake: leo panda basi. Maneno matatu. Nikamwambia, "Safari njema."

Sikumtakia mabaya. Nilitaka gari liteleze mbele ya shule, lizunguke, likwame kwenye tope, wanafunzi wacheke, na mdogo wangu aone kwa macho yake ameolewa na nani. Niliagiza aibu tu, kama vile aibu hupimwa kwa kibaba.

Saa tisa alasiri walikuwa wanarudi mvuani. Lori la mananasi lilikuwa linaingia barabarani taratibu, kwa mbali, na dereva mwingine yeyote angesimama. Shemeji alikanyaga breki. Gari liliendelea kwenda, likageuka ubavu, likaacha lami na kugonga mkorosho. Liligonga kwa upande wa kushoto.

Nyonga ya mdogo wangu ilivunjika. Daktari alisema atatembea, lakini asitarajie kutembea kama zamani.

Kesho yake mchana nilimkuta shemeji amekaa kwenye ukingo wa benchi wodini, shati lina damu iliyokauka. Hakutaja theluji. Alinyanyuka kunipisha, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Dada, fundi ameniambia ni matairi," alisema. "Siku ile ulitaka kuniambia nini?"

Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa miezi miwili, na nakiri kwamba hata pale, mbele ya kitanda cha mdogo wangu, niliionea utamu. Nilinyoosha mgongo.

"Nilitaka kukuambia ni ya theluji, hayafai huku. Ukanikata. Mbele za watu."

Akainamisha kichwa. "Kweli," akasema. "Nilikukata. Nisamehe, dada."

Nikageuka kunyoosha shuka la mdogo wangu. Nilitaka akae na aibu yake kidogo.

Mdogo wangu, tuliyedhani amelala, alifumbua macho.

"Na mimi, dada?" akaniuliza. "Jana asubuhi nilisimama kwako. Mimi nilikukata?"

Shemeji akainua kichwa, na wote wawili wakawa wananitazama.