Chati Yangu Imemfanya Baba Mdogo Aitwe Mwizi

Admin, nakuomba unisitiri, usitaje hata chuo ninachosoma. Mimi ni binti wa miaka ishirini na mbili, kwetu ni Kilolo, Iringa, nasoma mambo ya fedha na uchambuzi wa takwimu. Likizo hii nimekuja Mbeya kufanya fildi, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye kampuni inayonunua mpunga na kuukoboa. Nakaa mtaa wa Soweto kwa mama mdogo, anayemfuata mama yangu kuzaliwa. Naandika haya nimejifungia chooni kazini.

Nafasi yenyewe alinitafutia mume wa mama mdogo. Yeye ni karani wa kampuni hiyo hiyo, anapokea mpunga wa wakulima kule Madibira na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Ni mtu mpole mpaka anachosha, akikukuta jikoni anaomba radhi. Alimbembeleza mtu wa utumishi mpaka nikapokelewa, wakati wenzangu wengi bado walikuwa wanazunguka na barua za kuomba.

Meneja wa fedha akanipa kazi moja kubwa: nitafute kampuni inavuja wapi. Nilikuwa na idadi ya magunia yaliyonunuliwa kila kituo, na kilo zilizopatikana magunia hayo yalipopimwa kiwandani. Vituo viliandikwa kwa herufi tu. Nikagawa kilo kwa magunia, nikachora chati, na kituo kimoja kikaonekana kiko chini ya vingine vyote, msimu hadi msimu. Nikakipaka rangi nyekundu. Meneja alinisifu mbele ya ofisi nzima, nami kichwa kikavimba, sikumuuliza mtu kile kituo ni cha wapi.

Wiki hiyo hiyo baba mdogo akaitwa mjini. Walimnyang'anya funguo na simu ya kazi, wakamtaka aeleze mpunga uliopungua ameuuzia nani, bila kumwonyesha ile chati. Alisema alichonunua ndicho alichopakia, hana lingine. Wakamsimamisha kazi, na sasa anaripoti polisi huku wakurugenzi wakisubiriwa kuamua kama apelekwe mahakamani. Ndipo nikajua kwamba ile rangi nyekundu ni yeye. Naona aibu kuandika hili, lakini mwanzoni niliziamini hesabu zangu kuliko yeye. Nilikuwa namtazama anakula ugali nikiwaza, kumbe na upole wote huu ni mwizi.

Kisha nikatumwa na gari la ofisi kwenye kituo kingine kufuata takwimu. Nilipoingia ghalani niliusogelea mpunga uliopangwa. Magunia yote yalikuwa lumbesa, yamejazwa kupita mdomo na kuongezewa kipande cha gunia juu, yamevimba. Dereva akaniambia vituo vyote hununua hivyo, isipokuwa Madibira, kwa sababu karani wa kule ni mbishi, anashona gunia flati kama sheria inavyotaka ili mkulima asipunjwe. Bei ya gunia ni ile ile kila mahali. Kwa hiyo hakuna kilo iliyopotea. Gunia la baba mdogo ni dogo kwa sababu ni gunia halali, na mimi nililigawa sawa na lumbesa za wengine.

Na kinachoniuma, mimi nimekulia kwenye lumbesa. Kule kwetu nilikuwa namshikia mama gunia la viazi wakati wachuuzi wanaongeza ndoo juu ya ndoo, naye anageuka pembeni asionekane analia. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta, gunia likawa namba tu.

Nilimwendea meneja nikamweleza. Hakushtuka hata kidogo, na hapo ndipo hofu ilipoanza kunila. Aliinuka akafunga mlango, akaongea taratibu kama mtu anayenihurumia.

"Lumbesa imekatazwa, kwa hiyo kampuni hii hainunui lumbesa. Umenielewa? Na ukifungua mdomo sasa hivi, watasema unamkinga baba yako, na pengine mlikula wote. Fomu yako ya chuo bado sijaijaza."

Tangu siku hiyo ananipa lifti mpaka mlangoni bila kuombwa. Anasimamisha gari, anaitazama nyumba, anasema msalimie mzee. Silali. Simu ikiita nadhani ni polisi. Natamani kurudi Kilolo kimya kimya, lakini nikiondoka, baba mdogo atakosa mtu wa pekee anayejua kosa la ile chati na yuko upande wake.

Nyumbani hawajui kwamba chati ni yangu. Mama mdogo anaomba kila asubuhi kwa sauti, anataja adui aliyempikia mumewe majungu, nami nasema amina. Juzi aliniwekea chakula, akakaa karibu yangu, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wewe uko humo humo ofisini. Hujasikia ni nani amemfanyia hivi?" Nikasema sijasikia.

Alhamisi wakurugenzi wanakuja. Meneja amepanga mimi ndiye nisimame kuwaonyesha ile chati, na baba mdogo ataitwa akae hapo mezani ajibu. Yeye anajua tu kwamba nitakuwepo. Jana mama mdogo alikuwa anampigia pasi shati la kanisani, akamwambia asiogope sana, kwa kuwa mtoto atakuwa ndani. Baba mdogo akanitazama akatabasamu. Akasema, "Kweli. Nitakuwa nakutazama wewe, mwanangu, nipate nguvu."

Ndugu zangu, mliowahi kusimama mahali kama hapa, niambieni. Nikisema, nani atamwamini binti wa fildi anayelala nyumba moja na mtuhumiwa? Nikinyamaza, nitaionyeshaje ile rangi nyekundu huku ananitazama? Nipeni neno kabla ya Alhamisi, nimekwama.