Nilivyomtetea Mzee Arap Birir

Mambo haya nayasimulia leo kwa sababu wengi walioyaona wameshahama Eldoret, na kwa sababu nimechoka kumsikia mke wangu akiyasimulia vibaya (yeye husema nililia, na sikulia). Nilijiaibisha mbele ya mkaguzi wa shule, mwenyekiti wa kamati na watoto thelathini na wanane, na hakuna aliyenisukuma.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wazungu wakiwa bado na mashamba yao ya ngano pande zote za mji. Mimi ni mtu wa Kakamega, nilikuja huku kuwa karani wa ghala, kisha misheni ikanichukua nifundishe wadogo, na kila nilichokijua nilikuwa nimejifunza mwenyewe kwa kamusi na vitabu vya kuazima; chuo cha ualimu sikukikanyaga. Shule ya misheni ilipokosa mwalimu wa Kiswahili wa Darasa la Sita nilitolewa kwa watoto wa Darasa la Kwanza nikapewa hilo kwa muda, na sasa muda ulikuwa unakwisha. Mkaguzi angekuja, angeketi nyuma asikilize, na kama yeye na kamati wangeridhika ningethibitishwa. Wasiporidhika ningerudi chini kuwashika watoto mkono waandike a. Nililitaka lile Darasa la Sita kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka, na nasema hivyo mtu nisiyependa kutia chumvi.

Somo lililonisumbua zaidi lilikuwa lugha ya mfano. Watoto waliweza kukariri maana ya sitiari kama sala, lakini ukimwambia mmoja atunge yake anatazama dari. Nikabuni mchezo, nikauita Angekuwa. Mtoto mmoja anatoka nje, wenzake wanachagua kitu, tuseme mvua. Akirudi anawauliza, angekuwa mti angekuwa mti gani, angekuwa chakula angekuwa chakula gani, na anayejibu lazima atoe sababu, mpaka yule akisie kitu chenyewe. Nilikuwa na orodha ya vitu arobaini niliyoipanga kwa alfabeti (ndivyo nilivyo), na kwa wiki tatu tuliifuata bila kuruka.

Siku ya ukaguzi Bwana Mkaguzi, mzungu, alikuja pamoja na Mzee Arap Birir, mwenyekiti wa kamati yetu, mwenye ng'ombe na mahindi njia ya Kaptagat, mtu mrefu, mzito kidogo mguu wa kushoto, anayetembea na fimbo. Kwenye orodha tulikuwa tumefika kwenye kinu. Nikamwangalia Mzee alivyoketi, nikaona kinu ni kitu duni kwa wageni wa namna ile, na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Wafula alipotoka nje niliwaambia watoto kwa sauti ya chini, "Leo tumchague Mzee wetu." Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akaonekana amefurahi.

Wafula akarudi, akasimama mbele.

"Angekuwa mti, angekuwa mti gani?"

"Mtarakwa," akasema Chebet. "Ukiufanya nguzo ya ua, mchwa wanauonja halafu wanaenda zao."

Bwana Mkaguzi akaandika kitu.

"Angekuwa hali ya hewa?"

"Ukungu wa asubuhi," akajibu mmoja wa nyuma. "Unafikiri hayuko, kumbe amesimama hapo karibu na wewe na umeshasema mambo."

Mzee mwenyewe alicheka, na mimi nikajiona nimeshathibitishwa, nikaanza hata kufikiria mahali pa kuweka kabati la vitabu.

"Angekuwa mnyama?"

Akasimama Kiprono, mtoto mtaratibu ambaye sijapata kumwadhibu. "Fisi," akasema.

"Sababu?" akauliza Wafula.

"Hakuna sababu. Ni fisi tu."

Kwetu Kakamega, ukimwita mtu fisi unatafuta vita. Hakuna hata mtoto mmoja aliyecheka, na mtu anayejisifu kwa uangalifu angejiuliza kwa nini watoto wa umri ule hawacheki. Mimi nilidhani wameogopa.

Nikamwamuru Kiprono apige magoti. Ningeishia hapo ingekuwa aibu ya kawaida, lakini niliona lazima heshima ya Mzee irudishwe mbele ya mzungu, kwa hiyo nikawageukia wageni na kumtetea kwa utaratibu, hoja moja baada ya nyingine, kama nilivyozoea.

"Fisi ni mlafi, Mzee wetu si mlafi. Fisi ni mwoga, na Mzee wetu hajawahi kumkimbia mtu. Fisi anakula mizoga, jambo ambalo Mzee wetu hawezi kulifikiria. Fisi anachechemea," (hapo nikaiona fimbo, lakini sentensi ilikuwa imeshatoka na ilibidi imalizike) "na Mzee wetu hachechemei, isipokuwa kidogo."

Wafula akainua mkono. "Mwalimu, nimejua sasa. Ni Mzee Arap Birir."

Bwana Mkaguzi akakohoa ndani ya daftari lake.

"Mwalimu," akasema Mzee, "umemaliza?"

"Nimemaliza, Mzee."

"Kiprono, inuka." Kisha akasimama, akanigeukia, wala hakupandisha sauti. "Sisi ukoo wetu ni wa fisi. Baba yangu ni wa fisi, na baba yake. Kuna wa simba, kuna wa tembo, sisi ni wa fisi, na huyo mnyama tunamheshimu. Huyu mtoto ametaja ukoo wangu tu. Aliyetukana ni wewe, na nimehesabu. Mara nne."

"Sikujua, Mzee."

"Miaka tisa unakaa na sisi. Watoto wote hapa wanajua."

Bwana Mkaguzi akauliza kwa Kiswahili chake cha shambani, "Hii fisi iko ndani ya somo, ama hapana?"

"Haimo, bwana," nikasema, naye akaandika hilo pia.

Nilimwomba Mzee radhi. Alivyoendelea kusimama akinitazama nilielewa hajatosheka, nikamwomba Kiprono radhi mbele ya wenzake wote. "Haidhuru, mwalimu," akasema, akipangusa vumbi magotini. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baada ya wiki mbili Mzee alinikuta langoni akanieleza mwenyewe, hakutaka nisome kwenye barua. "Mkaguzi amesema Kiswahili chako ni safi. Mimi nimesema wakurudishe kwa wadogo. Hao hawajui kitu bado, itabidi uwaulize pole pole, na utazoea kuuliza."

Nilikaa Darasa la Kwanza miaka miwili, nikishika vidole vyenye chaki, na ni kweli niliuliza sana: huyu kwenu anaitwaje, hiki kwenu kinatumiwaje, mnyama huyu ni wa nani. Darasa la Sita nililipata baadaye, si kwa furaha niliyokuwa nimeitarajia. Angekuwa tuliendelea kuucheza, ila mtu aliye hai sikumweka mchezoni tena. Na tangu siku ile simtetei mtu yeyote kabla ya kumwuliza yeye mwenyewe kama ametukanwa.